Simu ya Intaneti kwa Nyumba za Unguja na Pemba: Namna ya Kuichagua

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba jamaa wametawanyika: mtoto mmoja yuko Muscat, mwengine London, wa tatu anasoma Dar es Salaam, na wazee wamebaki Wete au Makunduchi. Kwa familia kama hiyo, simu ya nyumbani ndiyo inayobeba salamu, rambirambi, mipango ya harusi na habari za mgonjwa aliyelazwa. Ndiyo maana nalichukulia kwa uzito swali ambalo ndugu na majirani huniuliza mara kwa mara, la huduma gani ya simu ya intaneti inafaa kuwekwa nyumbani. Wengi hutarajia nitaje jina la kampuni. Mimi huwauliza kwanza simu wanazopiga zinaishia wapi: kwenye simu ya mkononi yenye intaneti, kwenye namba ya kawaida isiyo na intaneti, au katika nchi yenye sheria zake kuhusu simu za aina hii. Aliyekwisha kulijibu swali hilo hubakiwa na machaguo machache tu ya kupima.

Inafaa kujua kwanza namna simu hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu kasoro zake karibu zote huanzia hapo. Katika simu ya zamani ya waya, mazungumzo yalitengewa njia yao kutoka nyumba moja hadi nyengine, na njia hiyo haikutumiwa na mtu mwengine mpaka mkonga urudishwe mahali pake. Katika simu ya intaneti, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde kwa mfumo wa kawaida, na mara nyingi zaidi kwa programu mpya. Vipimo hivyo hugeuzwa kuwa tarakimu, kisha tarakimu hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida kila kimoja hubeba milisekunde 20 za maneno. Kwa hiyo pakiti 50 huondoka kila sekunde, zikichanganyika njiani na picha, video na barua za watu wengine, na kule zinakofika huunganishwa tena kuwa sauti. Hakuna pakiti iliyotengewa njia. Ikichelewa, ikapotea, au ikatanguliwa na ile iliyoifuata, sikio linatambua.

Huduma zinazoitwa kwa jina hilo moja ni za aina tatu, na kuzichanganya ndiko kunakowaponza wanunuzi. Ya kwanza ni programu kama WhatsApp, iliyoanza kubeba simu za sauti mwaka 2015, pamoja na Telegram, Imo na nyenginezo. Hapa mazungumzo huanzia kwenye intaneti na kuishia kwenye intaneti, pande zote mbili lazima ziwe na programu ile ile, na gharama ni ya bando peke yake. Ya pili ni huduma yenye namba: unajiandikisha kwa mtoa huduma, unapewa namba na neno la siri, kisha unaunganisha simu ya mezani kwenye ruta, yaani kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, kwa kutumia adapta ndogo, au unaweka programu ya mtoa huduma huyo katika simu ya mkononi. Yeye ana daraja la kuivusha sauti kutoka kwenye intaneti hadi kwenye mtandao wa simu za kawaida, na daraja hilo ndilo unalolilipia. Ya tatu hutolewa na kampuni ya simu yenyewe, ama kwa sauti kupita kwenye mtandao wake wa 4G, ama kupitia Wi-Fi ya nyumbani pale ambapo kampuni na simu yako zote zinaikubali njia hiyo, ama kwa simu ya mezani inayochomekwa nyuma ya kisanduku cha faiba, yaani waya wa kioo unaoleta intaneti nyumbani. Mteja wa aina hii ya tatu mara nyingi hajui hata kama anatumia simu ya intaneti, maana namba yake ni ile ile ya siku zote.

Kwa familia ambayo watu wake wote wana simu za kisasa na bando, aina ya kwanza inatosha, na sioni sababu ya kuwauzia kitu chengine. Shida huanza pale mmoja wao anapokuwa nje ya duara hilo. Khalati yangu anayekaa Pemba ana simu ya vitufe, hana haja ya nyengine, na hapatikani kwa programu yoyote. Kwake lazima daraja livukwe. Anayepaswa kumfikia mtu kama huyo kila siku achague aina ya pili au ya tatu, na kwa simu za ndani ya nchi bando la dakika la kampuni ya simu mara nyingi huwa rahisi kuliko daraja la mtoa huduma wa mbali.

Ghuba ni mfano mwengine unaotuhusu sana, kwa sababu wengi wetu tuna jamaa huko. Umoja wa Falme za Kiarabu umezuia kwa miaka mingi simu za sauti na za video za WhatsApp, huku ujumbe wa maandishi ukipita bila taabu, na wakaazi huelekezwa kwenye programu zilizopewa kibali, kama vile BOTIM. Oman nayo imekuwa na vizuizi vya namna hiyo. Mtu wa Michenzani anayempigia kaka yake Dubai akasikia kimya hulaumu ruta, hulaumu bando, hata hubadilisha kampuni, na tatizo linabaki pale pale kwa kuwa liko ng'ambo ya bahari. Katika hali hiyo anayeishi huko ndiye aseme ni programu ipi inayoruhusiwa na inayofanya kazi kwake, na nyumba ya Zanzibar ifuate. Kumtaka ndugu atafute njia ya kukwepa sheria za nchi anayofanyia kazi ni kumtia katika hatari ambayo hatutakuwepo kumsaidia.

Huduma yenye namba ina faida ambayo programu hazina: kengele inalia nyumbani, kwa namba inayoweza kupigwa na simu yoyote duniani. Mtoto aliyeko London anaweza kukodi namba ya London na kuielekeza kwenye simu ya mezani iliyoko Wete, na yeye na wenzake wakaipigia kwa bei ya simu ya ndani ya Uingereza. Lakini namba hiyo hiyo ina upande wa pili. Jirani wa hapo hapo Wete akiipigia atatozwa bei ya simu ya kimataifa, hata kama kengele inalia hatua mia kutoka kwake. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kama namba utakayopewa ni ya 024, ambayo ndiyo alama ya simu za mezani za Zanzibar, au ni ya nchi nyengine, na jiulize ni nani hasa atakayeipiga.

Bei nazo zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Watoa huduma wa nje hupenda kutangaza bei ndogo za kupiga Uingereza au Marekani, na bei hizo ni za kweli, ila Tanzania katika orodha zao huwa upande wa ghali, kwa sababu kampuni inayoipokea simu huku hutoza ada ya kuifikisha kwa mteja wake. Chukua namba tano unazopiga kila wiki na utafute bei ya kila moja. Angalia pia wanavyohesabu muda, maana anayetoza kwa dakika nzima atakuhesabia dakika mbili kwa mazungumzo ya dakika moja na sekunde tano, na mazungumzo mafupi ya kuulizana hali ndiyo yanayoumia zaidi. Salio linalokufa baada ya siku 30 si salio la mtu anayepiga mara mbili kwa mwezi.

Kuna masuala mawili ya namba ambayo watu huyakumbuka baada ya kuchelewa. La kwanza ni dharura. Namba ya dharura hapa nchini ni 112, na huduma ya simu iliyosajiliwa nje inaweza isiifikishe simu hiyo kwa polisi wa hapa, kwa kuwa haijui mpigaji yuko wapi. Marekani yenyewe ililazimika mwaka 2005 kuwawekea watoa huduma hawa masharti maalumu kuhusu simu za dharura. Nyumba yenye wazee au watoto isikose simu moja ya mkononi yenye laini ya kawaida na chaji. La pili ni uhai wa huduma. Skype, iliyoanza 2003 na kuwa jina la simu za intaneti kwa watu wengi, ilifungwa tarehe 5 Mei 2025, na waliokuwa wameigeuza kuwa namba yao ya kudumu walilazimika kutafuta pengine. Kwa namba za simu za mkononi, Tanzania imeruhusu tangu 2017 kuhama kampuni bila kubadilisha namba. Kwa namba ya mtoa huduma wa mtandaoni, uliza kwa maandishi kama unaweza kuondoka nayo. Na kwa kuwa mawasiliano ni jambo la Muungano, anayeuza huduma ya simu hapa Zanzibar anatakiwa kuwa na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mwenye leseni unaweza kumshitaki mahali, asiyekuwa nayo hana anwani ya malalamiko yako.

Sasa tuje kwenye bando, kwa sababu hofu iliyopo ni kubwa kuliko gharama yenyewe. Kila huduma hutumia njia yake ya kuifunga sauti, iitwayo kodeki. Kodeki kongwe ya simu, G.711, hutoa kilobiti 64 kwa sekunde, na baada ya kuongeza anwani zinazobandikwa kwenye kila pakiti hufikia takribani kilobiti 80 kwa kila upande. Ukizidisha kwa pande mbili na kwa dakika 60, saa nzima ya mazungumzo hula kama MB 72, maana yake GB moja hutosha karibu saa 14. Kodeki ya G.729, inayobana sauti zaidi, hushusha matumizi hadi kama MB 22 kwa saa, na Opus, iliyo mpya kuliko hizo, huweza kujipandisha na kujishusha kufuatana na hali ya njia. Kinachomaliza bando ni video. Familia inayoona simu zinakula GB nyingi mno izime kamera kwa wiki moja ipime tena.

Ikiwa sauti inahitaji kidogo hivyo, kwa nini basi hukatika hata kwenye intaneti inayosifiwa kwa kasi? Hapa ndipo nilipojifunza kwa gharama. Niliwahi kununua kifurushi cha kasi kubwa kutoka kampuni moja, kipimo cha mchana kikaonyesha megabiti tele, na kila usiku baada ya Isha sauti ilikuwa ikikatika kama redio iliyo mbali na mnara. Kasi niliyoipima inaeleza mzigo unaoweza kupita kwa wakati mmoja. Simu inataka kitu chengine, nacho ni pakiti ndogo zifike upesi, zifike zote, na zifike kwa mwendo ulio sawa.

Kufika upesi tunaweza kukupima kwa salamu zetu. Mazungumzo ya Kiswahili huanza kwa kupokezana: shikamoo, marahaba, hamjambo, hatujambo, habari za nyumbani, njema, na watoto je, wazima. Zamu hubadilika haraka, na kila anayejibu hujibu papo hapo kwa adabu. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, linapendekeza kwamba maneno yasichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio ili mazungumzo yawe ya kawaida, na yasizidi 400 kwa hali yoyote inayokubalika. Ikipita hapo, marahaba inachelewa, aliyesalimia anadhani hakusikiwa, anarudia, na mara wote wawili wanasema pamoja kisha wote wananyamaza. Nimemwona mzee akidhani mjukuu wake amekosa heshima, kumbe kijana alijibu na jibu liko njiani.

Ucheleweshaji huo una chanzo chake. Satelaiti zile za zamani zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta huchukua karibu robo ya sekunde kupandisha na kushusha neno moja, kwa hiyo hazifai kwa simu ila pale ambapo hakuna njia nyengine. Satelaiti mpya zinazozunguka chini, kwenye kilomita 550 hivi, hazina kasoro hiyo. Nyaya za chini ya bahari zina kasi ya kutosha, lakini umbali unahesabika. Ikiwa seva ya mtoa huduma, yaani kompyuta yake inayopokea na kupeleka simu, iko Marekani, simu ya kutoka Mwanakwerekwe kwenda Chake Chake inaweza kuvuka bahari hadi huko na kurudi, na safari hiyo peke yake humaliza nafasi yote ya milisekunde 150. Muulize mtoa huduma seva zake ziko wapi. Akisema ziko Afrika Mashariki, Afrika Kusini au Ulaya, kuna matumaini; asipojua, jaribu kwa muda mfupi kwanza.

Nyaya hizo nazo hukatika. EASSy na SEACOM, ambazo hutua Dar es Salaam, zilipata hitilafu kwa pamoja mwezi Mei 2024, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Simu ya kawaida ya kutoka Mkoani hadi Chake Chake haina haja ya nyaya hizo, na hii ni sababu nyengine ya kutoiondoa laini ya kawaida nyumbani.

Kwa hiyo pima mwenyewe, na pima saa unazozungumza. Programu nyingi za kupima kasi huonyesha pia ucheleweshaji, yaani pingi, na baadhi huonyesha tofauti ya muda wa kufika kwa pakiti na idadi ya zilizopotea. Fanya kipimo asubuhi, adhuhuri na usiku kwa siku nne au tano. Upotevu wa asilimia moja sikio linaweza kuuvumilia. Ukifika asilimia tano, maneno yanaanza kumezwa. Tofauti ya muda ikiwa inaruka kutoka milisekunde 10 hadi 90 bila mpangilio, sauti itakatika hata kama kasi ni kubwa. Kipimo kimoja cha saa nne asubuhi hakisemi chochote kuhusu usiku wa kuamkia Idd, wakati kila nyumba iko kwenye simu.

Kabla ya kuilaumu kampuni, tazama nyumba yenyewe. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi. Ukuta mmoja kama huo huidhoofisha Wi-Fi sana, na wa pili huweza kuimaliza kabisa. Kwa nyumba za namna hii simu ya mezani iunganishwe kwenye ruta kwa waya, na waya huo upitishwe ngazini au uani hadi ghorofa ambayo wazee hukaa. Kwenye majengo ya Michenzani hali ni tofauti: kuta ni nyembamba zaidi lakini ruta za majirani ni nyingi, zinagombania mawimbi yale yale, na kuhamia bendi ya gigahezi 5 husaidia kwa chumba kimoja au viwili. Vijijini, penye mnara mmoja wa mbali, antena ya nje iliyoelekezwa vyema huleta nafuu kuliko kubadilisha mtoa huduma, ila viungo vyake vifungwe vizuri, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani huvila.

Suala la umeme ndilo ninaloliona likisahauliwa kuliko yote. Simu ya zamani ya waya ilipelekewa umeme wa takribani volti 48 na kituo cha simu kupitia waya ule ule wa sauti, hivyo iliweza kuendelea nyumba ikiwa gizani, maadamu kituo kilikuwa na betri zake. Simu ya intaneti inategemea ruta, kisanduku cha faiba na adapta, na vyote hivyo vinazimika mara umeme unapokatika au uniti za tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, zinapokwisha. Unguja hupata umeme wake kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na watu wazima wanakumbuka giza la takribani mwezi mmoja lililoanza Mei 2008, na lile la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya uliwekwa mwaka 2013, na Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, lakini katizo la saa mbili au tatu bado ni jambo la kawaida. Hesabu yake ni nyepesi. Vifaa hivyo vitatu kwa pamoja vikitumia wati 20, betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo ina wati-saa 84, itavibeba kama saa tatu baada ya kutoa upotevu. Ruta nyingi hutumia volti 12 moja kwa moja, na kwa hizo kinafaa zaidi kile kisanduku kidogo cha betri kinachochomekwa kati ya chaja na ruta. Wakati wa masika, radi zinapoanza, chomoa waya wa umeme pamoja na waya wa antena au wa simu.

Yapo mambo machache ya ufundi ambayo mteja hana haja ya kuyamudu, bali ayajue kwa dalili. Ikiwa mwenzako anakusikia nawe humsikii, au simu zinazoingia hazilii ilhali zinazotoka zinatoka, mara nyingi sababu ni ruta kuzuia pakiti zinazorudi, au kampuni ya simu za mkononi kuwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti. Fundi azime kwenye ruta kipengele kiitwacho SIP ALG, na aweke adapta ijitambulishe kwa seva kila baada ya muda mfupi ili njia isifungwe. Neno la siri la huduma liwe refu na lisilokisika, kwa kuwa wezi hutafuta usiku na mchana akaunti zenye maneno mepesi, wakazitumia kupiga namba za ghali katika nchi za mbali. Chagua kulipa kabla, na usiweke salio kubwa. Akaunti ikiibiwa, hasara inaishia kwenye salio lililomo.

Mwisho wa kuchagua ni kifaa, na hapa mtumiaji ndiye wa kutazamwa. Kwa mzee aliyezoea simu ya mezani, adapta yenye tundu la simu ya kawaida inafaa kuliko kioo cha kugusa, kwa sababu anabonyeza vitufe vile vile alivyovizoea na anasikia kengele akiwa jikoni. Anza na mwezi mmoja usiokuwa na mkataba, mwache yeye mwenyewe apige na kupokea, na umuulize kama amesikia vizuri. Pembeni mwa simu bandika karatasi yenye maandishi makubwa: namba ya nyumba hiyo, namba za watoto, namba ya jirani wa karibu, na maelezo kwamba 112 ipigwe kwa simu ya mkononi iliyo kwenye chaja mezani.